Mwaka Niliokaa Tu

Ukikutana na mtu mliyesoma naye sekondari, salamu zikiisha swali linalofuata ni moja tu: "Uko chuo gani?" Novemba 2022 niliulizwa swali hilo njiani, Ngamiani, na dada mmoja tuliyemaliza naye kidato cha sita. Alikuwa anakwenda kupanda basi, mabegi mawili, godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Nikamjibu, "Mimi nimekaa tu." Akasema, "Aa, poa," akatazama simu yake, na maongezi yakaishia hapo. Hakuwa na ubaya wowote. Hakujua la kusema, na mimi pia nisingejua kama ningekuwa yeye.

Leo niko mwaka wa tatu, nasoma ualimu, nina miaka 22. Watu wa darasani kwangu wengi ni wadogo zangu kwa mwaka mmoja, na wakiniuliza kwa nini nilichelewa huwa najibu kwa kifupi. Safari hii nataka kujibu kwa kirefu. Nina sababu, na nitaifikia.

Kosa lilikuwa langu. Nafasi ya chuo nilipata. Kwenye maombi ya mkopo niliambatisha cheti cha kifo cha baba ambacho hakikuwa kimehakikiwa, na nilipogundua, dirisha lilikuwa limeshafungwa. Mama anauza machungwa Muheza. Ada ya mwaka mzima, chumba na chakula bila mkopo ilikuwa hesabu ambayo hata kuianza tuliona aibu. Mjomba wangu, fundi baiskeli, ninayekaa kwake Tanga mjini, akasema, "Ngoja mwakani." Basi nikangoja.

Miezi mitatu ya mwanzo sikuishi vizuri. Nilikuwa nimetoka JKT mkakamavu kweli, naamka saa kumi na nusu alfajiri bila kengele. Kufika Desemba nilikuwa naamka saa nne asubuhi. Kwenye kundi letu la WhatsApp wenzangu walikuwa wanarushiana ratiba za vipindi, picha za vimbweta, utani wa bumu kuchelewa. Nilikuwa nasoma kila kitu na sijibu. Baadaye nikaanza kukwepa njia. Nikitumwa dukani nilizunguka nyuma ya nyumba ili nisipite mbele ya watu wanaonijua. Sikuwa nimemwibia mtu, lakini nilikuwa natembea kama mwizi.

Kulikuwa na ushauri pia, mwingi tu. Tumia muda wako vizuri. Jifunze ujuzi mtandaoni. Wenzako walianza na mtaji wa elfu tano. Nilianza kozi mbili za kompyuta kwenye simu, nikaishia somo la tatu kote kuwili, bando likaisha, na juu ya aibu ya kubaki nyumbani nikaongeza aibu ya kushindwa kubaki nyumbani kwa faida.

Mjomba hakunihutubia. Siku moja, katikati ya Januari, alisimama mlangoni akasema, "Njoo unishikie hii baiskeli." Nikaenda kumshikia.

Kwa wasiojua, Tanga ni mji wa baiskeli. Ardhi ni tambarare, mitaa ya Ngamiani imenyooka na imepewa namba badala ya majina, na mzee wa miaka sabini anaweza kwenda sokoni kwa baiskeli na kanzu yake. Kwa hiyo fundi baiskeli hakosi wateja, ila hakosi pia muda wa kukaa. Mjomba anafanyia kazi mbele ya nyumba yenye baraza ndefu ya saruji. Asubuhi ni viraka na upepo, jioni ni breki na cheni. Kuanzia saa tano mpaka alasiri kuna utulivu, jua kali, na hapo ndipo baraza hujaa.

Nani wanakaa? Hakuna mtu mkubwa. Kuna mstaafu wa reli. Kuna baharia mmoja aliyeumia mkono. Kuna dereva wa bajaji anayesubiri gari la mtu mwingine lipone. Kuna kijana wa miaka thelathini mwenye shahada ya ualimu, ndiyo, ualimu, anayefundisha tuisheni jioni kwa watoto watano. Muuza kahawa anapita akigonga vikombe, kashata ziko kwenye kopo. Wanabishana Coastal Union, na ubishi wowote ukikwama mtu anataja 1988, mwaka Coastal ilipochukua ubingwa wa Bara, na wote wanatulia kidogo kama waliotajiwa marehemu.

Na kulikuwa na babu mmoja Mngoni.

Huyu babu aliletwa Tanga mwaka 1962, kijana mdogo kutoka Songea, kukata mkonge. Alikuwa manamba. Wasiotoka huku pengine wamelisikia neno hilo kwenye matusi tu, kwa hiyo nieleze. Mkonge uliingia pwani hii mwaka 1893, ulipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf. Miche elfu moja ilisafirishwa kutoka Florida, iliyofika ikiwa hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kutokana na hiyo 62 yakatokea mashamba yaliyofunika Muheza, Korogwe, Pangani na Tanga yenyewe. Mashamba yalitaka watu kuliko waliokuwepo, ndipo vijana wakawa wanakusanywa kutoka mbali, Songea, Kigoma, hadi Burundi na Msumbiji, wakaja na kuhesabiwa kwa namba. Ndiyo manamba. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa inaongoza duniani, zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Halafu kamba za plastiki zikaja, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na uzalishaji ukaendelea kushuka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima haikufikisha tani 30,000.

Tarakimu hizo unaweza kuzifundisha kidato cha tatu zikaingia kwenye mtihani. Kilichokuwa hakimo kwenye daftari langu ni kwamba shamba likifungwa watu hawafungwi. Wanabaki. Babu alibaki na panga, na nauli ya kurudi Songea ambayo kila mwaka ilikuwa inapungukiwa kidogo, mpaka akafika umri ambao hata angeipata, kule asingemkuta mtu anayemjua. Akapanga chumba Mabawa. Kila siku anatembea taratibu kuja barazani kwa mjomba, anakaa mwisho wa baraza, karibu na nguzo.

Siku za kwanza hakunisemesha. Siku ya nne au ya tano aliniuliza, "Kijana, unangoja nini?"

Nikasema, "Nangoja mwakani, babu."

Akasema, "Mwakani itakuja hata usipoingoja. Hebu nihesabie hizo gololi, macho yangu hayaoni tena."

Nilizihesabu. Zilikuwa gololi za ekseli ya nyuma, kwenye kifuniko cha rangi, zimelowa mafuta. Kesho yake tukazisafisha pamoja. Sikujifunza ufundi wa maana kwa mwaka ule, nisidanganye. Naweza kuziba pancha na kunyoosha rimu iliyopinda kidogo. Nilikuwa nakaa tu. Ila nilianza kukaa na watu.

Sasa hapa nataka msomaji unisikilize vizuri, maana ndiyo hoja yangu.

Mimi nilidhani baraza ni mahali pa kupotezea muda. Baada ya wiki kadhaa nikagundua kuna kazi inafanyika pale, ila haina mshahara wala cheo. Kila asubuhi mahudhurio yanachukuliwa. Hakuna daftari, hakuna wa kuita majina, lakini yanachukuliwa. "Mama wa vitumbua hajatoka leo?" "Mwanawe anaumwa, kampeleka kliniki." "Yule wa Chumbageni mbona siku mbili?" "Kaenda msibani Pongwe." Mtu akipita anasalimiwa, na salamu za Tanga unazijua. Hazikubali jibu moja. Hujambo, habari za toka jana, mama anaendeleaje, na ule mguu? Ukijibu "poa" unaonekana umekasirika. Nilikuwa naona ni usumbufu. Kumbe kwenye swali la tatu au la nne ndipo mtu husema ukweli.

Machi 2023, masika yameanza, siku ya Jumatatu babu hakuja. Saa nne mjomba akasema, "Mzee hajapita." Tukasema mvua. Muuza kahawa alipofika akauliza. Mstaafu wa reli akauliza. Ilipofika adhuhuri mjomba akaacha tairi aliyokuwa ameishika, akaniambia, "Mgosi, chukua baiskeli uende Mabawa."

Nilikuta mlango umefungwa kwa ndani. Niliita, nikasikia kitu kama mtu anavuta kiti. Jirani wa upande mmoja alikuwa kazini, wa upande wa pili alikuwa amehamia juzi, hajui kama chumba kile kina mtu. Tulifungua dirisha, kijana mmoja mwembamba akaingia. Babu alikuwa chini, homa imempanda, amelala pale tangu usiku. Tukampakia kwenye bajaji mpaka Bombo. Akalazwa, akapona. Siku ya tisa alirudi barazani na kumwambia muuza kahawa kwamba anamdai vikombe vyote vya siku alizokosa.

Jioni ile, tukiwa tunaingiza vyombo ndani, aliniambia maneno ambayo sijayasahau. "Shambani nilikuwa namba, na nisipokwenda kazini walikata posho. Hapa nisipokuja wananitafuta."

Nimewahi kufikiria: ni nani waliomtafuta? Mstaafu, baharia mgonjwa, dereva asiye na bajaji, mwalimu asiye na ajira, mwanafunzi asiye na mkopo. Wote waliobaki. Wenye haraka mjini siku ile walikuwa wengi na hawakuwa wabaya, ila hawakuwa na nafasi ya kuona kwamba mzee fulani hajapita. Kuona kwamba mtu hayupo kunahitaji mtu aliyetulia mahali pamoja kila siku.

Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo mawili hapa. Ukimwuliza mtu "unakaa wapi?" unamwuliza anaishi wapi. Halafu mtu huyohuyo akisema "nimekaa tu" tunaelewa kwamba haishi bado, anasubiri kuanza. Mimi nilikuwa nalisema neno hilo kwa maana ya pili. Mwaka ulivyokwenda nikarudi kwenye ile ya kwanza, bila hata kujua siku gani.

Najua kuna anayesoma na kusema, huyu anapamba umaskini. Subiri. Sisemi kukaa bila kazi ni kuzuri. Barazani pale niliona pia mikeka, na sizungumzii ya ukindu. Vijana wanabeti asubuhi, wanasubiri jioni, wanakopa ili wabeti kesho. Niliona umbea uliovunja ndoa ya watu. Na niliona jambo lingine ambalo mwanzoni halikunigusa. Dada yangu, binti wa mjomba, alikuwa amebaki nyumbani mwaka uleule, alimaliza kidato cha nne akakosa alama za kuendelea. Yeye hakuwa na baraza. Baraza ni ya wanaume, angekaa pale angeitwa majina. Na hakuna aliyesema amekaa tu, kwa sababu alikuwa anapika, anafua, anachota maji, anampeleka mdogo wake shule. Swali alilokuwa anaulizwa yeye ni "utaolewa lini?" Mahali pake palikuwa uani, saa tisa alasiri, wanawake wanasukana na kuchambua mchele. Huko nako mahudhurio yalikuwa yanachukuliwa, na nadhani kwa umakini kuliko kwetu. Ila yeye alikuwa anayafanya huku mikono ina kazi.

Mwaka wa pili hapa chuoni, kwenye sosholojia ya elimu, nikakutana na utafiti wa Marienthal. Ni kijiji cha Austria, karibu na Vienna. Kilikuwa na kiwanda cha nguo kilichoajiri karibu kila familia, kikafungwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel wakaenda kuchunguza watu wanaishije bila kazi, na kitabu chao kikatoka mwaka 1933. Mtu angetegemea, kama ambavyo ningetegemea mimi, kwamba watu wenye muda mwingi watasoma zaidi na kukutana zaidi. Wakakuta kinyume chake. Vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua. Vyama vikapoteza wanachama. Wanaume walikuwa wanatembea polepole barabarani, wanasimama, hawana pa kuwahi. Wanawake walitembea haraka kuliko wao, maana kazi za nyumbani hazikufungwa pamoja na kiwanda.

Niliposoma hayo nilijiona mimi wa Novemba hadi Januari, nikizunguka nyuma ya nyumba nisionekane. Nikamwona na dada yangu uani. Kwa hiyo sidanganyiki kwamba muda mtupu wenyewe una baraka. Muda mtupu unamvuta mtu chumbani. Kilichoniokoa ni mjomba kusema njoo ushike baiskeli, na baraza kuwa pale, na saa yake kujulikana. Kama kusingekuwa na saruji ile ya kukalia, pengine ningekaa chumbani mwaka mzima na kuja hapa nikiwa mtu mwingine.

Sasa turudi kwetu chuoni, maana sababu ya kuandika iko hapa.

Mwaka wa pili, muhula wa kwanza, kulikuwa na mwenzetu chumba cha pili kutoka changu. Kila siku saa mbili kasorobo anatoka na begi mgongoni. Anarudi saa kumi. Ukimwuliza vipi, anasema poa. Kitu kidogo ndicho kilichonishtua. Bumu lilichelewa, hosteli nzima inalalamika, yeye halalamiki. Mwanafunzi asiyelalamikia bumu ana jambo. Nisingekaa barazani mwaka mzima nisingeona, nakwambia kweli.

Sikumwuliza. Jumamosi nilinunua chapati nne na chai, nikamwita kimbweta cha nyuma, tukala, tukaongea mpira. Jumamosi iliyofuata tena. Ya tatu akasema mwenyewe. Alikuwa ameshapata disko. Matokeo yalipotoka hakuwaambia nyumbani. Alipofungua chuo alirudi kama kawaida, akawa anatoka na begi kila asubuhi kwenda kukaa mahali mjini mpaka vipindi viishe. Wiki tano. Kwenye hosteli ya mamia ya watu hakuna aliyejua, na mimi nilikuwa naishi hatua kumi kutoka mlango wake.

Hatukuwa na cha kumfanyia kikubwa. Tulikaa naye siku alipompigia mama yake. Tulimsindikiza stendi. Sasa yuko kwao, anasaidia dukani kwa kaka yake na anataka kuomba upya kozi nyingine. Kila Jumamosi asubuhi nampigia. Tunaongea dakika tano, saa nyingine hatuna la kuongea kabisa, namsikia tu anapanga sabuni kwenye rafu.

Tuna maneno ya kuchekesha kwa mambo haya. Sapu, kerii, disko. Tunayacheka kwa sababu tunayaogopa. Lakini angalia tunavyowafanya yaliowakuta. Anayerudia mwaka anaondolewa kwenye kundi la darasa ndani ya wiki moja, "maana haimhusu tena." Aliyeahirisha kwa sababu ya ujauzito hatajwi. Aliyekosa mkopo akarudi nyumbani tunamkumbuka siku ya kuchangisha, basi. Hatuwachukii. Tunawaona kama hawapo mpaka watakapoanza tena.

Na hapa nawaambia hasa wenzangu wa ualimu. Matangazo ya ajira za walimu ya miaka ya karibuni yamekuwa yakiwataja wahitimu kuanzia 2015. Unaelewa maana yake? Kuna mtu alivaa joho wakati mimi niko shule ya msingi, na bado anatuma maombi. Sasa kuna na usaili juu yake. Tunaweza kupiga kelele, na tupige, kwa sababu darasa lenye watoto mia na mwalimu mmoja huku walimu wako nyumbani ni jambo la kupigia kelele. Serikali yetu ya wanafunzi ilisemee hilo bila woga. Lakini huku tunapiga kelele, wengi wetu tutarudi nyumbani na shahada, na tutaambiwa ngoja mwakani. Yule kijana wa tuisheni pale barazani ndiye mimi wa 2027. Nimekubali kumwangalia usoni.

Hakuna kozi inayotufundisha mwaka huo. Tuna kozi ya saikolojia, ya mitaala, ya upimaji. Tunakwenda mazoezi ya kufundisha na andalio la somo lenye dakika arobaini zimegawanywa vizuri, utangulizi dakika tano, hitimisho dakika tano. Miezi kumi na minane bila kipindi hata kimoja haina andalio.

Maoni yangu ni haya. Ukibaki, toka chumbani mapema kuliko mimi. Usitafute kwanza cha kukufanya uonekane unafanya kitu. Tafuta mahali ambapo watu wanakaa, ukae, kesho urudi palepale. Kama wewe ni dada na baraza si yako, uani kwa shangazi ni chuo pia, na kama mna nguvu mtafute mahali penu nje ya uani. Baada ya muda utaanza kujua nani hajapita leo, na kuna siku hiyo itakuwa na maana kuliko chochote ulichojifunza kwenye simu.

Ukiwa umetangulia, chukua mahudhurio. Hapa hapa. Vimbweta vyetu ni baraza tosha, ila tunavikalia kwa ajili ya mtihani tu na kila mtu na spika zake masikioni. Serikali ya wanafunzi ina wawakilishi wa kila bloku. Napendekeza kazi yao ya kwanza kila wiki iwe kujua nani hajaonekana, kabla ya kukusanya michango ya mahafali. Na wale walioahirisha, waliorudia, waliodisko, wabaki kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Haligharimu kitu. Wakitaka kutoka watatoka wenyewe.

Likizo iliyopita nilirudi Tanga. Nusu ya baraza imejengwa fremu ya duka, mwenye nyumba anahitaji kodi, na siwezi kumlaumu. Mjomba amesogea kwenye nusu iliyobaki. Siku ya kwanza nilifika saa sita mchana na begi langu, jua limewaka, na kabla sijatua begi babu akaniuliza habari za mama, habari za Muheza, habari za masomo, na ule mgongo uliokuwa unaniuma nilipoondoka? Kwenye mgongo nikasema kweli, kwamba bado unauma. Akasogea kidogo karibu na nguzo, akanipisha nikae.